Dropdauni moja inafika kwenye PHP, nyingine haifiki

kijana_wa_fomu:
Wakuu habari, nina fomu ya kusajili wafanyakazi ina dropdauni mbili, idara na kitengo. Mtu akichagua idara JavaScript inajaza vitengo vya idara hiyo, halafu naifunga idara kwa disabled asije akaibadilisha kitengo kikabaki cha idara nyingine. Sasa nikituma, kwenye PHP upande wa seva $_POST['kitengo'] (thamani iliyotumwa na fomu) inakuja safi ila $_POST['idara'] inaniletea "Undefined array key". Zote zina name, na kwenye skrini idara inaonekana kabisa imechaguliwa. Inapotelea wapi?

mdau77:
Angalia tena hiyo name mkuu, wengi wanaweka id peke yake wakidhani inatosha, ila brauza ikituma fomu inaangalia name tu. Na hiyo select (tagi ya dropdauni) isiwe nje ya form.

seva_kwanza:
Name anayo, kasema. Tatizo ni disabled. Kitu chenye disabled brauza haikitumi kabisa, hata tupu haitumi, ndo maana PHP inalalamika key haipo. Na usikimbilie readonly (ya kusoma tu), kwenye select haina kazi. Mimi ningeiacha idara wazi, mtu akiibadilisha unafuta vitengo vya zamani unajaza vipya, basi. Kama ni lazima ifungwe, weka input ya hidden (isiyoonekana) yenye name="idara" JavaScript iipe thamani ileile. Halafu bonyeza F12 ufungue zana za brauza, nenda Network, tuma fomu uone kilichotoka, kama idara haimo pale hata ukeshe kwenye PHP hutaipata.

kijana_wa_fomu:
Nimeiacha wazi kama ulivyosema, zinafika zote, asante sana mkuu. Ila idara inakuja 3 na mimi nataka jina la idara niliweke kwenye barua pepe.

seva_kwanza:
Kinachosafiri ni value, yale maandishi anayoyaona mtu yanatumwa pale tu option (chaguo la dropdauni) isipokuwa na value. Bakia na namba, jina katafute kwenye databesi.

mama_kweri:
Naongezea hapo maana watu wanapapuuza sana: dropdauni haimzuii mtu kutuma kitu kingine, anafungua F12 anabadilisha value anaandika anachotaka. Kwa hiyo kwenye seva hakikisha hiyo idara ipo na kitengo ni cha idara hiyohiyo, kwa prepare ya PDO (njia ya PHP ya kuipa databesi thamani kando na amri yenyewe), usiunganishe $_POST moja kwa moja kwenye SQL (amri ya databesi) tafadhali. Isipolingana irudishe fomu, usihifadhi.