Naomba ushauri: kisa cha watoto wa Finaly darasani

Habari zenu walimu na wapenzi wa historia. Naomba mawazo yenu.

Nafundisha kidato cha nne, na katika Vita Kuu ya Pili nataka wanafunzi wajue habari za watoto wa Kiyahudi waliofichwa. Nimechagua kisa cha Robert na Gérald Finaly wa Ufaransa. Wazazi wao, waliokuwa wamekimbia Austria, walikamatwa Februari 1944 wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, hawakurudi. Watoto waliishia mikononi mwa Antoinette Brun, mkuu wa kituo cha kulelea watoto cha manispaa ya Grenoble, akawaficha. Vita ilipokwisha shangazi zao wakawadai, akakataa. Mwaka 1948 akawabatizisha Ukatoliki. Mwaka 1953, mahakama ilipoamuru warudishwe, baadhi ya mapadri na watawa waliwavusha kwa siri hadi Hispania. Mwaka huohuo wakarejeshwa, wakaenda Israel kwa shangazi.

Hapo ndipo ninapokwama. Wanafunzi wengi wanasema aliyekuokoa uhai ndiye mama, basi. Mimi naumia, maana wale wazazi waliuawa kwa Uyahudi wao, na watoto walikuwa na ndugu wanaowalilia. Nimejaribu mdahalo, ukageuka mabishano ya dini. Nikawaambia waandike barua kama shangazi, bado hawakutetereka.

Naomba kuuliza: kwa vipindi viwili tu, nianze na uokoaji au na kesi? Na kwenye darasa lenye Waislamu na Wakristo, suala la ubatizo mnalifundishaje bila mtoto yeyote kuona dini yake inashambuliwa?