Sakafu ina mabomba ya moto, chini mnaweka adiabatiki (joto halipiti)! Mnawaumiza watu

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo naongea. Niko Ujerumani, kazi yangu ni kupiga hesabu za nishati ya majengo kwa EnergyPlus, programu ya kompyuta inayokadiria nyumba itatumia nishati kiasi gani. Nimeletewa faili la nyumba ya familia moja, limetengenezwa na ofisi nyingine, nitafute kwa nini bili ya kupasha joto haifanani kabisa na ripoti. Dakika kumi hazikuisha. Sakafu ya chini, mita za mraba 80, ina mabomba ya maji ya moto ndani ya zege na imekaa juu ya udongo. Upande wake wa chini wameandika adiabatiki. Yaani joto halipiti, sifuri!

Udongo gani huo usionyonya joto?

Pigeni hesabu nami. Maji ya kwenye mabomba yana wastani wa digrii 35. Chini ya zege kuna povu la kuzuia joto la sentimita 5 tu, linalopitisha kama wati 0.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti, na tuseme udongo chini ya povu uko digrii 10. Kwa tofauti hiyo ya 25, kila mita ya mraba inapoteza kama wati 17.5. Kwa sakafu nzima ni wati 1,400. Mabomba yakikesha na kushinda yakiwa na moto, ni karibu uniti 34 kwa siku zinazoenda kupasha mchanga. Na wapo wanaotumia digrii 20 za chumbani badala ya 35 za bomba, wanapata chini ya nusu ya hasara, kisha wanagonga muhuri.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ripoti ilimwambia mama mwenye nyumba kwamba kuongeza povu hakuna faida. Ukishaweka adiabatiki, povu liwe sentimita 5 au 20, jibu ni lile lile! Akawaamini, zege likamwagwa. Sasa nani atalivunja? Alinitandazia bili zake mezani, kila jumla ameizungushia kalamu nyekundu, watoto wamekaa pembeni na masweta ndani ya nyumba.

Nimewaandikia. Wakajibu kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote, na programu haikutoa onyo. Itoe onyo la nini? Adiabatiki inaruhusiwa, ina mahali pake, kwa mfano ukuta kati ya vyumba viwili vyenye joto sawa. Kisha wakaleta faili la pili: upande wa chini wa sakafu wamebadilisha kutoka adiabatiki kuwa ardhi, lakini joto la ardhi hawakujaza. Usipojaza, EnergyPlus inachukua digrii 18 miezi yote. Januari, Ujerumani, digrii 18!

Wakuu mnaofanya kazi hii, jazeni joto la ardhi mwezi kwa mwezi, na safu ya mabomba iwekeni pale ilipo kwenye mchoro, juu ya povu. Mimi Jumatatu nina kikao na hao jamaa. Aliyewahi kufanikisha mteja alipwe fidia kwa kosa la namna hii aniambie alianzia wapi.