Naomba ushauri: Dreamliner ya Nairobi–Johannesburg, nilipie daraja la biashara?
Wakuu habarini. Nampeleka mama Johannesburg, takriban saa nne angani kutoka Nairobi, na mgongo wake hautaki kukaa wima muda mrefu. Kenya Airways hutumia 787 Dreamliner, aina ileile inayokwenda London, kwa baadhi ya safari za njia hiyo. Daraja la biashara humo lina viti 30 vinavyolala kabisa kama kitanda. Kwenye Boeing 737, ndege ndogo zaidi, kiti cha daraja hilo kinaegemea tu, na kwa pesa ile, kuegemea tu siwezi kulipia.

Hofu yangu ni ndege kubadilishwa siku ya safari, tukapewa 737 badala ya Dreamliner. Ukikata tiketi unanunua daraja, si aina ya ndege. Kuna aliyewahi kudai tofauti ya bei akarudishiwa? Au nimkatie la kawaida, kiti chenye nafasi ya miguu?