Naomba ushauri: niache kumtembelea baba gerezani?

Mtoa mada: Wakuu, mwenzenu silali. Baba yangu ana miaka 71, yuko gerezani mwaka wa tatu sasa. Naenda kila siku ya kutembelea, tunaongea kwa simu ya ukutani, kioo katikati. Mwenzake aliyeachiwa juzi kaniambia kila nikiondoka mzee anageukia ukuta, siku mbili hali wala hasemi. Nipunguze kwenda ili atulie?

Mama Wawili: Pole mwanangu, usiache. Ndani mtu huzeeka upesi, ndiyo maana magereza mengi humhesabu mfungwa kuwa mzee tangu miaka 50 au 55. Kaka yangu alikaa ndani miaka sita. Siku ninayokwenda, alikuwa ananyoa ndevu tangu alfajiri. Mwaka niliouguza sikwenda kabisa. Niliporudi nikamkuta ndevu zimefika kifuani, hamuulizii mtu yeyote.

Kiberiti: Kafungwa kwa kosa gani? Kuna wazee wamewaliza watu huku nje, leo tuwaonee huruma.

Mtoa mada: Kosa si mada. Hukumu ilishatoka.

Fundi Saa: Masikio ya mzee yakoje? Baba mkwe wangu alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwenye ile simu, kumbe hasikii kitu. Muone afisa ustawi, omba mkutane mezani. Ila kuna jambo hujasema. Mnaongea nini hadi ageukie ukuta?

Mtoa mada: Anamuulizia mama. Mama alifariki miezi mitano iliyopita, baba hajui. Namwambia miguu inamsumbua, safari haiwezi. Msinishambulie jamani, mzee ana presha, akianguka usiku kule nani atamshika? Nimeshamwandikia barua moja kwa jina la mama, ya pili iko tayari. Niliona nikiacha kwenda, barua zitamtosha.

Mama Wawili: Ee Mungu wangu. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu.

Mzee wa Vifungu: Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, 2015, kanuni ya 70: mfungwa akifiwa na ndugu wa karibu aambiwe mara moja, na ikiwezekana aruhusiwe kwenda kuzika. Mandela mwenyewe alifiwa na mama yake 1968, na mwanawe Thembi 1969, asiruhusiwe kuzika hata mmoja. Lakini aliambiwa, akaomboleza. Baba yako umemnyima hata kilio.

Kiberiti: Hii chai. Miezi mitano, ukoo mzima, asitokee hata mmoja wa kuropoka?

Mtoa mada: Ukoo upi? Tangu siku ya hukumu naenda peke yangu. Wengine wote walikata mguu.

Fundi Saa: Kwa hiyo ukiacha wewe, hana mtu.

Mtoa mada: Safari iliyopita aliibandika ile barua kwenye kioo, kidole juu ya jina la mama. Akasema, "Mwambie mwandiko wake umenyooka siku hizi." Nikamjibu salamu zitafika.

Kiberiti: Samahani mkuu. Chai nimeifuta.

Fundi Saa: Anajua huyo. Anasubiri umwambie wewe. Muone afisa ustawi mapema, omba meza, na mhudumu wa zahanati awe karibu kwa ajili ya presha.

Mama Wawili: Siku ya kutembelea ni lini? Usiende peke yako.

Mtoa mada: Jumamosi. Barua ya pili ninayo hapa mkononi.