Naomba ushauri kuhusu kifaa cha umeme cha kuzoesha mkono baada ya kiharusi
Ndugu zangu, mama yangu alipata kiharusi miezi 5 iliyopita, na ingawa sasa anaweza kuinua mkono wa kulia hadi kifuani, vidole havifunguki. Tunaishi Ahero, na safari za Kisumu kwa ajili ya tiba ya viungo zinamchosha. Mtaalamu wake ametueleza kwamba ubongo hujifunza upya kwa kurudia mwendo uleule mara nyingi, na kwamba kifaa kidogo kinachopeleka umeme hafifu kwenye misuli ya mkono huweza kusaidia kufungua kiganja, mradi mgonjwa naye ajitahidi wakati huohuo. Mama amekwisha kukiita “stima ya mfukoni”. Hana kifafa, wala hajawekewa kifaa cha moyo. Je, mliokitumia nyumbani mlizingatia nini kabla ya kukinunua?