Nani anazipanga nyuzi ndani ya gegedu? Protini zinajuaje pa kukaa?

Mdadisi_wa_Seli

Habari wakuu. Nasoma baiolojia ya seli na kuna sehemu imenigomea kabisa. Kitabu kinasema gegedu (ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo) ni seli chache zilizozama kwenye matriksi, yaani kile kinachojaza nafasi kati ya seli, na matriksi ni maji, kolajeni (protini ya nyuzi) na proteoglaikani (protini zenye minyororo ya sukari), basi, ukurasa unaofuata tayari wako kwenye mfupa. Sasa mi najiuliza, kama asilimia 70 hivi ya uzito wa gegedu ni maji tu, mtu akiruka akatua kwa miguu miwili hayo maji kwa nini yasikamuliwe yote yakaisha? Na kama kolajeni ipo pia kwenye ngozi na kwenye kano, kwa nini gegedu halifanani na kano? Halafu nani anazipanga hizo nyuzi, maana seli zenyewe zimekaa mbalimbali kila moja kwenye kijishimo chake. Anayejua anieleweshe taratibu tafadhali, nataka nielewe, sitaki kukariri.

Benchi_la_Maabara

Swali zuri sana mkuu, na hapo ndo patamu penyewe ila vitabu vingi vinaparuka.

Anza na kolajeni. Si moja, ni familia kubwa. Ya ngozi na kano ni aina ya I, ya gegedu ni aina ya II na ndo zaidi ya asilimia 90 ya kolajeni yote iliyomo humo. Kila molekuli ni minyororo 3 iliyosukwa pamoja kama nywele za mkia mmoja, na ili msuko ukaze kila asidi amino ya tatu lazima iwe glaisini, kwa sababu ndo ndogo kuliko zote, nyingine haienei katikati. Seli inaitoa ikiwa na vimkia pande zote mbili, vimkia hivyo vinazuia isijipange mapema ikiwa bado ndani. Ikifika nje enzaimu zinavikata, na hapo molekuli zinaanza kulala ubavu kwa ubavu zikipishana kama matofali ya ukutani, zenyewe, hakuna anayezishika. Kwa hiyo jibu la "nani anapanga" kwa sehemu kubwa ni umbo la protini yenyewe, mpangilio umeshaandikwa kwenye molekuli kabla haijatoka nje ya seli.

Ila aina ya II ikiachwa peke yake mambo hayanyooki, kuna wasaidizi. Kolajeni ya XI inakaa ndani ya uzi na inazuia usinenepe. Kolajeni ya IX inakaa juu ya uzi, imejitokeza nje kama vishikizo, inaugusa na kuufunga uzi wa jirani. Matokeo yake badala ya kupata kamba nene zilizolala upande mmoja kama kwenye kano unapata nyuzi nyembamba zilizofungana, yaani wavu. Hiyo ndo tofauti uliyouliza.

Sasa maji. Ndani ya wavu kuna agrikani, ndo proteoglaikani kuu ya gegedu, na hii ndo protini ninayoipenda kuliko zote kwenye mwili. Fikiria brashi ya kuoshea chupa, kijiti cha katikati ni protini, na nywele zake ni minyororo ya sukari kama 100 hivi ya kondroitini salfeti, na kila mnyororo umejaa chaji hasi. Chaji hasi zinasukumana, zinavuta sodiamu, sodiamu inavuta maji, brashi inavimba. Tena brashi hazielei ovyo, zaidi ya 100 zinaweza kuning'inia kwenye uzi mmoja mrefu wa hayaluronani, nayo ni mnyororo wa sukari, na kila moja imefungwa hapo na protini ndogo ya kuunganisha ili isichomoke. Dude hilo zima ni kubwa mno, haliwezi kupenya matundu ya wavu likatoka.

Kwa hiyo agrikani inataka kuvimba, wavu wa kolajeni unaikatalia, na ugumu wa gegedu unatoka kwenye huo mvutano. Ukitua chini maji kiasi yanasogea, lakini taratibu sana, na kadiri yanavyotoka chaji zinakaribiana na kusukumana zaidi mpaka haziminyiki tena. Ukiinua mguu yanarudi. Na ndo njia mojawapo seli zinapata chakula, kwa sababu gegedu halina mishipa ya damu.

Mdadisi_wa_Seli

Dah asante sana, hii ya brashi na wavu imeniingia moja kwa moja. Bado kitu kimoja, wavu na brashi vinashikanaje? Na wavu wenyewe una upande au umekaa tu vyovyote?

Nyuzi_na_Viungo

Nijazie hapo. Kuna kundi la protini ambazo kwa wingi ni kidogo lakini bila hizo jengo halisimami. Iko moja wanaiita kwa kifupi COMP, ina mikono 5 iliyoungana katikati, na ncha za mikono zinashika kolajeni. Wakati uzi unajengwa inazisogeza molekuli za kolajeni karibu karibu, hivyo uzi unaundwa haraka na kwa utaratibu. Nyingine ni matrilini, zinashika huku na huku, upande wa kolajeni na upande wa agrikani.

Umuhimu wake unaonekana pale jeni ya COMP inapokuwa na kasoro. Protini inakunjwa vibaya, inakwama ndani ya seli, na inaikwamisha pamoja nayo kolajeni ya IX na matrilini, seli zinalemewa na nyingine zinakufa. Mtoto anazaliwa na urefu wa kawaida, halafu anapoanza kutembea ukuaji unapungua, na viungo vinachakaa akiwa bado kijana. Nilipolisoma hili mara ya kwanza liliniuma sana, hitilafu ya protini moja ndogo tu na mtu anaumwa nyonga maisha yake yote.

Upande upo ndiyo. Juu kabisa nyuzi zimelala sambamba na uso wa kiungo, katikati zimechanganyika, chini karibu na mfupa zimesimama wima. Mjerumani Benninghoff alizichora kama matao mwaka 1925. Mnyama mchanga hana matao hayo yakiwa kamili, yanajijenga kadiri anavyokua na kutumia miguu, kwa hiyo kuna mkono wa protini na kuna mkono wa mzigo. Na kuzunguka kila seli kuna kikapu chembamba chenye kolajeni ya VI, kupitia hapo seli inahisi jinsi inavyobanwa na inajua itengeneze nini.

Goti_la_Mama

Samahani naingilia, mi si mwanasayansi. Mama yangu magoti yanamsumbua na amekuwa akinywa unga wa kolajeni, je inaenda kujenga huo wavu mnaousema?

Benchi_la_Maabara

Pole kwa mama. Unga ule tumboni unakatwa kuwa asidi amino na vipande vifupi, haufiki kwenye goti ukiwa uzi. Na wavu wenyewe kwa mtu mzima karibu haujengwi tena. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi inayoweza kupimwa, ikaingia kwenye miili ya watu waliokuwa wanakua wakati huo, na utafiti wa 2016 ulipopima gegedu la goti ukakuta kolajeni ya watu wazima ni ileile waliyoijenga walipokuwa wanakua. Agrikani inabadilishwa, ingawa polepole. Ndo maana kwenye ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, enzaimu zikikata agrikani bado kuna nafasi ya kurudisha, ila zikifikia kuukata wavu hali inakuwa ngumu zaidi. Aonane na daktari amwangalie goti lenyewe, na aulizie mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, yanasaidia watu wengi wenye shida hiyo.

Goti_la_Mama

Nashukuru sana, nitamwambia leo leo.

Nyuzi_na_Viungo

Nirekebishe kitu kidogo hapo juu, mwanafunzi asije akakosa alama. Aina ya II ni ya gegedu la kwenye viungo, puani na kwenye koo la hewa. Menisko ya goti (kile kipande cha gegedu kama kimto kati ya mifupa ya goti) na diski za uti wa mgongo upande wa nje zina aina ya I kwa wingi, maana zinavutwa sana, si kubanwa tu.

Mdadisi_wa_Seli

Nimeandika. Na sikio? Nimelikunja sasa hivi limerudi lenyewe.

Nyuzi_na_Viungo

Hiyo ni elastini, protini inayovutika na kurudi kama mpira. Kolajeni ya II na agrikani zipo palepale, ila katikati yake kumepitishwa nyuzi za elastini, na hizo ndo zinalivuta lirudi.