Nyuki huyu mwenye mdomo kama sindano ni nani?

Swali: Ana manyoya ya kahawia, ananing'inia hewani mbele ya ua, mdomo umechomoza mbele. Ni nyuki, au ni nzi wa maua?

Jibu: Hesabu mabawa: nzi mawili, nyuki manne. Nyuki hukunja ulimi chini ya kichwa. Huyu hawezi, anaruka nao hivyo hivyo. Nasema ni nzi wa familia ya Bombyliidae, nzi wanaofanana na nyuki.

Jibu: Nakubali, ila wapo Bombyliidae wenye mdomo mfupi, kama wa jenasi ya Anthrax. Mimi huangalia akitua: mabawa hubaki yametanuka, miguu myembamba mno. Ukingo wa mbele wa bawa ukiwa mweusi, fikiria spishi iitwayo Bombylius major.

Muulizaji: Ni mweusi kabisa! Anauma?

Jibu: Haumi, anakunywa nekta. Mkorofi ni buu wake, anayekula watoto wa nyuki wapweke (wasioishi kwa kundi) ardhini.